Anatoka Butimba mwezi ujao, kanisa limenipa nimlee: nianzie wapi?

SWALI: Bwana asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Igoma, Mwanza. Kikundi chetu kimekuwa kikienda Gereza Kuu la Butimba kufundisha Neno, na kuna kijana tuliyemfundisha humo mpaka akabatizwa. Alifungwa miaka mitano kwa kuiba mashine ya boti ya tajiri aliyekuwa anamvulia. Anatoka mwezi ujao na mchungaji ameniomba niwe mlezi wake. Yeye anataka kurudi kuvua kwenye mwalo uleule, pale boti zinaposhusha samaki, anasema ndiyo kazi anayoijua. Waumini wanataka atoe ushuhuda Jumapili ya kwanza, na wameshaanza kuchanga. Mke wangu hataki alale kwetu kwa sababu tuna mabinti wawili. Nianzie wapi, na nifanye nini asirudi ndani?

JIBU: Bwana asifiwe sana, mzee wangu.

Nianze na mkeo. Umemtaja mwishoni kama kikwazo, lakini mimi namwona ndiye pekee kati yenu aliyelifikiria jambo hili kwa utulivu. Yuko sahihi. Kumlea mtu aliyetoka gerezani hakukulazimu umlaze sebuleni, na kwenye nyumba yenye mabinti nisingekushauri hata kama kijana angekuwa malaika. Iko siku kitapotea kitu, elfu kumi au simu, pengine mtoto wa jirani ndiye aliyechukua, na macho yote yatamgeukia yeye. Akiwa anaishi kwingine, unaweza kusimama ukamtetea. Akiwa anaishi kwako, wewe ndiye mlalamikaji.

Kwa hiyo chumba kitafutwe kabla hajatoka. Wenye nyumba wengi hapa mjini wanataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na hapo ndipo mchango wa waumini una kazi ya maana. Mlipeni mwenye nyumba mkononi mwake, mwandikishiane, mkataba uwe na jina la kijana. Na aambiwe ukweli mapema kwamba mpangaji wake anatoka Butimba. Akikataa mtapata mwingine. Akija kuusikia kwa majirani mwezi wa pili, mtakuta godoro la kijana liko nje.

Umesema anatoka mwezi ujao. Tarehe hiyo umeipata kwake au kwa ofisi ya gereza? Kwa wafungwa walio wengi sheria ya magereza inatoa punguzo la theluthi moja ya kifungo kwa mwenye nidhamu, ndiyo maana miaka mitano huishia kuwa kama mitatu na miezi minne. Punguzo hilo linaweza kupotea, lote au sehemu, akivunja kanuni za gereza. Upo pia msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba, ambao kwa desturi yetu hutolewa siku za kitaifa kama 26 Aprili na 9 Desemba, na mtu anaweza kujikuta nje wakati kwao hakuna anayejua. Na kama anatoka kwa parole, ambayo sheria yake ni ya 1994, basi hajamaliza. Ana masharti, na yuko afisa anayemwangalia. Masharti hayo uyajue vizuri, kwa sababu mlezi asiyeyajua anaweza kumpeleka kijana kwenye mkutano wa injili Sengerema kumbe hakuruhusiwa kutoka Nyamagana bila taarifa. Mchungaji aandike barua kwa Mkuu wa Gereza, aulize anatoka lini na anatoka kwa utaratibu gani.

Siku ya kutoka mwende watu wawili. Kwaya ibaki kanisani. Mtu anarudishiwa alivyoingia navyo, na mwili alioingia nao mara nyingi haupo tena. Nimewahi kumpokea kijana aliyetoka na suruali yake ya jeans aliyokamatwa nayo, amekonda, inamvuka. Alitembea kutoka langoni hadi barabarani ameishika kiunoni kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ana mfuko wa plastiki wenye Biblia na karatasi yake ya kuachiwa. Hakuweza hata kutupa mkono wa salamu bila kuchagua aachie kipi. Kwa hiyo bebeni mkanda, na shati moja safi la kisasa kidogo, si yale makoti makubwa ya mitumba ambayo waumini hupenda kutoa kwa ajili ya "watu wa gerezani". Ile karatasi itoeni nakala siku hiyohiyo. Akisimamishwa na polisi usiku, ndiyo itakayomwokoa.

Mkiwa mmekaa mahali wawili tu, pengine mkila, muulize kama kuna dawa anayotumia ambayo haipaswi kukatika. Usimuulize ni dawa ya nini. Magereza yana msongamano na kifua kikuu kinapenda msongamano. Dozi ya kawaida ni miezi sita, na anayeikatiza katikati anatengeneza ugonjwa sugu unaotibika kwa shida. Anayetumia ARV naye anatakiwa aondoke na rufaa ya kwenda CTC, kliniki ya wanaotumia dawa hizo, iliyo karibu na anapoishi. Wengi hawaiombi rufaa hiyo kwa sababu hawataki askari au wenzao wajue, halafu wakifika mtaani wanaona haya kuanza upya. Hili nalo liulizwe kabla hajatoka.

Wiki ya kwanza itaisha kwenye foleni za ofisi, na ni vizuri. Laini yake ya zamani imefungwa kwa kutotumika na huenda namba ina mtu mwingine. Kusajili laini mpya kunahitaji namba ya NIDA na alama za vidole. Kama kitambulisho kilipotea, mtaanzia serikali ya mtaa kwa barua. Usimtume peke yake. Kijana mmoja niliyempeleka kwa mtendaji aliitwa jina, akainuka, akapiga hatua mbili, akachuchumaa mbele ya meza, mikono kwenye magoti. Mtendaji akadhani ameshikwa na tumbo. Ndivyo alivyokuwa anahesabiwa kila asubuhi na kila jioni kwa miaka. Sikusema neno, nilivuta viti viwili nikakaa kimoja, naye akakaa. Vitu vya namna hiyo utaviona vingi: atakula haraka kama anaibiwa sahani, atakuuliza ruhusa ya kwenda chooni, atalala na taa inawaka. Visikutie hofu wala usivifanye hadithi ya kuchekesha kwenye kikundi. Vinapungua vyenyewe.

Ukiwa hapo serikali ya mtaa, mtambulishe kwa mwenyekiti. Najua wapo wanaoona ni bora kukaa kimya. Lakini sisi huku Usukumani tunajua watu wanavyomalizana na mwizi. Tangu sungusungu walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtaa umezoea kutafuta jibu lake wenyewe, na bodaboda ikiibiwa usiku jina la kwanza kutajwa ni la aliyetoka jela juzi. Mwenyekiti aliyekaa naye mezani, anayejua mlezi ni nani na simu yake ni ipi, atakupigia wewe kabla watu hawajakusanyika.

Sasa hili la ushuhuda. Likatae, mzee, na ulikatae wewe mwenyewe mbele ya kamati, usimwachie kijana alikatae. Yeye hana nguvu ya kuwakatalia watu waliomnunulia godoro.

Nimeona mara nyingi mno inavyokwenda. Anasimamishwa mbele Jumapili ya kwanza, anapewa maiki, anasimulia alivyoiba. Watu wanalia, wanapiga makofi, sadaka ya upendo inapitishwa. Kijana ambaye kwa miaka mitatu hakuwa na mtu wa kumwita kwa jina anagundua kwamba kuna kitu kimoja anacho ambacho watu wanakitaka, nacho ni uovu wake. Wiki ya pili anaalikwa Nyakato, ya tatu Buhongwa. Hadithi inaongezeka chumvi kwa sababu ile ya kwanza wameshaisikia. Mashine moja ya boti inakuwa mashine nne, panga linaingia, mara askari wamemkosa kwa risasi. Hatafuti kazi kwa sababu bahasha inatosha. Halafu mialiko inakwisha, maana wametokea wengine wenye hadithi kali zaidi, na siku hiyo hana kazi, hana jina jingine mtaani zaidi ya "yule mwizi aliyeokoka", na ndani yake kuna uongo ambao hawezi kumwambia mtu. Huyo ndiye anayerudi ndani. Tena kuna tajiri aliyeibiwa. Mwalo hauko mbali na kanisa kiasi hicho, na atasikia kwamba aliyemwibia anapigiwa makofi kabla hajaja hata kumwomba radhi.

Paulo anamwandikia Timotheo kwamba asiyefaa kuwa msimamizi ni mtu aliyeongoka karibuni, asije akajivuna akaanguka. Utajibiwa kwamba Paulo mwenyewe alianza kuhubiri Dameski siku zilezile alizobatizwa. Ni kweli. Lakini soma Matendo 9 mpaka mwisho: aliteremshwa ukutani ndani ya kapu usiku, Yerusalemu wanafunzi wakamwogopa mpaka Barnaba alipomchukua mkono, kisha ndugu wakamsafirisha kwao Tarso. Hatumsikii tena mpaka sura ya 11, Barnaba alipokwenda kumtafuta.

Na watamtaja Charles Colson. Huyo alikuwa msaidizi wa Rais Nixon wa Marekani, alifungwa 1974 katika kashfa ya kisiasa ya Watergate, na 1976 akaanzisha Prison Fellowship ambayo leo iko nchi nyingi. Alikaa ndani miezi saba. Alitoka akiwa msomi wa sheria, ana familia iliyokuwa inamsubiri na marafiki wenye vyeo, na dunia nzima ilikuwa inalijua jina lake kabla hajasema neno. Kijana wako anatoka na mfuko wa plastiki. Mapito yao hayafanani.

Badala yake Jumapili ya kwanza akae benchi moja na wewe, kama mgeni mwingine yeyote. Jina lake litajwe pamoja na wageni wengine, kwamba "yupo ndugu yetu fulani anaishi hapa karibu", basi. Mpe kazi ya kupanga viti na kubeba vyombo vya muziki. Funguo za kanisa na kuhesabu sadaka asiguse kwa mwaka mzima, na umwambie yeye mwenyewe sababu: siku hesabu isipotimia, asiwepo kwenye orodha ya waliokuwa chumbani. Wote niliowaeleza hivyo wameshukuru. Waliokasirika ni waumini walioona nimekosa imani.

Kazi. Hapa nina maneno mengi, univumilie.

Uvuvi wenyewe hauna kosa. Kijana anaijua kazi, mwili wake unaijua, na kumwambia asahau ziwa akauze karanga ni kumvua heshima kidogo aliyobaki nayo. Tatizo langu ni mwalo uleule, na ni haraka. Wewe ni mtu wa Igoma na sijui ziwa umelikaribia kiasi gani, kwa hiyo nikueleze maisha anayoyarudia. Kama ni dagaa, kazi ni ya usiku wa giza, taa zinawashwa juu ya maji dagaa wakusanyike. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazifanyi kazi na wavuvi wanatia nanga kwa siku kadhaa. Mapato yanagawanywa baada ya kutoa mafuta na chakula, tajiri anachukua lake, wavuvi wanagawana linalobaki. Zikipita siku mbaya mvuvi anakopa kwa tajiri, na anavua mwezi unaofuata kulipa deni la mwezi uliopita. Wizi mwingi wa nyavu na mashine huanzia hapo. Sisemi kwamba deni linamhalalishia. Nasema ukimuuliza polepole huenda ukakuta wizi wa ile mashine ulianza kabla ya siku ilipoibwa.

Na zile siku za mbalamwezi ndizo za hatari. Watu wamelala mchana, wana hela mfukoni au wana deni kichwani, wote wawili wanakunywa. Bangi ipo, gongo ipo, wanawake wanaofuata kambi wapo. Kama kambi iko kisiwani, hakuna kanisa lenye mtu anayemjua. Mlezi anayepanga kukutana na kijana kila Jumatano saa kumi atakuwa anakutana na benchi tupu, kwa sababu Jumatano ya giza kijana amelala au yuko majini. Ninyi kalenda yenu iwe mwezi wa angani. Siku za mbalamwezi kaeni naye sana, hata kila siku. Siku za giza mpigie simu, mwombee, mwache avue.

Lakini asianze na boti. Miezi ya mwanzo apate kazi ya nchi kavu iliyo jirani na uvuvi. Kushona nyavu ni kazi nzuri mno kwa mtu wa namna yake: analipwa kwa kazi aliyoimaliza, anakaa na wavuvi wanaomwona kila siku, jioni anarudi chumbani kwake. Mwaloni Kirumba kuna kupakia na kushusha dagaa, malipo ni ya siku hiyohiyo, jasho ni la kweli na hakuna anayeuliza cheti. Kama ndani alijifunza useremala au ujenzi, VETA wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza ufundi nje ya darasa wakampa cheti. Pale Nyakato waulizeni. Kazi ya ulinzi msimtafutie. Makampuni yanataka taarifa za polisi na atakwama, au atadanganya apate, na uongo huo utamla usingizi. Akiulizwa na mwajiri yeyote alikuwa wapi, ajibu kwa sentensi mbili: nilifungwa kwa wizi, nimemaliza, mlezi wangu ni fulani na namba yake ni hii. Fanyeni mazoezi ya sentensi hizo. Walio wengi husema nyingi mno.

Ukifika wakati wa kurudi majini, aende mwalo mwingine, na wewe utangulie kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa uvuvi, wa mwalo huo. Wao ndio wanaojua nani anaingia na nani anatoka, na mwizi wa mashine habari zake zimeshawafikia.

Kuhusu tajiri, msikimbilie. Kwanza tafuta hukumu ya mahakama uone kama pamoja na kifungo iliamriwa fidia. Kama ipo, kumaliza kifungo hakuifuti, na kijana anaweza kuwa hajui. Kisha soma Waraka kwa Filemoni. Wahubiri wetu wanaupenda kwa sababu ya Onesimo aliyekuwa hafai akawa wa kufaa. Mimi nakuomba uangalie namna alivyorudishwa. Paulo aliandika kwanza. Aliandika kwamba kama kuna kitu alichodhulumu kiandikwe juu yake, atalipa yeye. Na Onesimo hakutumwa peke yake barabarani: Wakolosai 4 inatuonyesha alikwenda na Tikiko. Barua, mdhamini na mwenzi wa safari, ndipo mtu akarudi kwa bwana wake.

Kwa hiyo wewe nenda kwa tajiri bila kijana. Mwambie ametoka, analelewa na kanisa, haji kuomba kazi. Halafu msikilize. Atasema mengi, na mengine yatakuwa kweli: kwamba alikosa ada ya watoto mwaka ule, kwamba wavuvi wake wengine walikaa bila kazi, kwamba hakuna mtu wa kanisa lolote aliyewahi kuja kumwona yeye aliyeibiwa. Hili la mwisho litakuuma, maana kikundi chenu kimekwenda Butimba muda wote huo na kwake hamjapita. Usijitetee. Muulize kama atakubali kumwona kijana siku nyingine, hata akisema baada ya mwaka. Akikataa kabisa, kijana aelezwe kwamba radhi si haki yake ya kudai, na njia anayopita tajiri asiipite. Akikubali, kijana aende na kitu mkononi. Zakayo alisimama akataja kiasi. Elfu tano kila mgao wa giza ni kidogo kwa bei ya mashine, lakini ukiandikwa kwenye daftari na pande zote kuweka sahihi, tajiri anaanza kuona mtu anayelipa.

Pesa kwa kifupi: usimkopeshe hata siku moja. Ukiwa nacho mpe, ukiwa huna mwambie huna. Mkopo kati ya mlezi na anayelelewa ukishaingia, siku ameshindwa kulipa ataacha kuja, na utakuwa umempoteza kwa elfu thelathini.

Usilee peke yako. Muwe wawili, wewe na mwanamume mwingine, ikiwezekana kijana zaidi yako anayejua kutumia mikono. Kwa mwanamke anayetoka, walezi wawe wanawake, bila majadiliano. Siku ya kwanza mwambie mambo ambayo hutayafanyia siri: akikuambia amemdhuru mtoto au anapanga kumdhuru mtu, utasema. Mengine yote yabaki kwako, hata mkeo asiyajue, hata mchungaji. Ukishatumia neno lake moja kwenye maombi ya kikundi ("tumwombee ndugu yetu ana vita na pombe"), amekwisha kukufungia mlango.

Na uwe tayari kwa mwaka mzima. Pale Texas ilianzishwa programu ya Kikristo ndani ya gereza mwaka 1997, na utafiti wake ukatoka 2003. Makanisa mengi hunukuu nusu yake: waliohitimu, asilimia 8 tu walirudi gerezani ndani ya miaka miwili, wakati wafungwa wa kulinganishwa nao walirudi asilimia 20. Nusu ya pili hainukuliwi. Ukiwahesabu wote walioanza, pamoja na walioachia njiani, waliorudi ni asilimia 24. Wakosoaji walisema, na mimi nakubaliana nao, kwamba kuhesabu waliohitimu peke yao ni kujisifia. Ila tazama kuhitimu kulikuwa ni nini: pamoja na masomo ya ndani, mtu alitakiwa akae nje akiwa na kazi na kanisa kwa miezi kadhaa. Kuanza programu bila kufika huko mwisho hakukuonyesha nafuu. Kikundi chenu kimefanya vizuri sehemu ya ndani. Sasa ndiyo mnaanza sehemu nyingine, na ni ndefu kuliko ile.

Ataanguka? Pengine. Akilewa, akipotea wiki mbili, akirudi kwa marafiki wa zamani, mfuate. Akiiba tena, usimfiche hata usiku mmoja. Mpeleke polisi wewe mwenyewe kama atakubali, na kama atahukumiwa uwe wa kwanza kwenye siku ya kutembelewa, na usiende na somo.

Safari yenu ijayo ya Butimba usimfundishe chochote. Ukipata nafasi ya kukaa naye, muulize angependa akute nani langoni siku hiyo. Akitaja mama yake, mtafuteni mama, hata kama yuko Ukerewe, na nauli itoke kwenye mchango huo huo. Kisha muulize nani hataki kumkuta. Hilo atachelewa kulijibu, na huenda akalijibu kwa kuangalia pembeni: aliyeshirikiana naye kwenye ile mashine na hakukamatwa, au anayemdai, au mwanamke aliyekuwa mkewe na sasa anaishi na mtu mwingine. Jina atakalotaja uliandike nyumbani, si pale, na kabla hajatoka uwe umeshajua mtu huyo anaishi wapi.